Kabla hujamkorogea mgonjwa wa saratani manjano

Ukiwa na mgonjwa wa saratani nyumbani, kila anayekuja kumjulia hali huja na kitu mkononi. Kwetu hapa Igoma, Mwanza, tangu mama mkwe avuke kutoka kisiwa cha Ukerewe ili awe karibu na kliniki yake ya saratani hospitali ya Bugando, tumeletewa unga wa mlonge, manjano yaliyochanganywa na pilipili manga, majani ya mstafeli, chupa ya shubiri, na mizizi ambayo hata aliyeileta hakuijua jina. Hakuna aliyeleta kwa nia mbaya. Walisikia kwamba uvimbe wa mama haukupungua kwa dawa za mwanzo, kwamba daktari amebadilisha dripu ya dawa za saratani, na wameambiwa kwenye WhatsApp kuwa mimea inaondoa usugu wa saratani, yaani ile hali ya saratani kutosikia dawa.

Habari hiyo si uzushi. Uzushi ningeukataa mlangoni. Hii ina ukweli ndani yake, na mwenye mgonjwa akiuelewa ukweli wenyewe ndipo atakapokuwa mwangalifu zaidi.

Mwaka 1976 watafiti Rudolph Juliano na Victor Ling, wakifanya kazi Toronto nchini Kanada, waliona kwamba seli zilizokuwa sugu kwa dawa zilikuwa na protini fulani kwenye utando wake. Wakaiita P-glikoprotini. Baadaye ilieleweka kuwa ni pampu: huikamata dawa iliyokwisha kuingia kwenye seli na kuirudisha nje, kama mvuvi anavyochota maji mtumbwini na kuyamwaga ziwani. Dripu imepita mshipani vizuri, lakini ndani ya seli ya saratani dawa haitoshi kuua. Tena pampu hii haichagui. Inatoa doksorubisini, ile dawa nyekundu wagonjwa wanayoiogopa, inatoa paklitakseli, vinkristini na etoposidi, ingawa dawa hizi hazifanani kwa umbo wala kwa namna zinavyofanya kazi. Kwa hiyo saratani iliyonusurika dawa moja inaweza kuikataa nyingine ambayo mgonjwa hajawahi kuigusa. Zipo pampu nyingine, na zipo seli zinazojirekebisha zikiharibiwa au zinazokataa kufa hata zikiharibika, lakini hii ndiyo inayotajwa sana kwenye habari za manjano.

Sasa angalia hizo dawa zimetoka wapi. Vinkristini hutokana na kile kimmea cha Madagaska chenye maua madogo ya waridi au meupe, ambacho watu wengi hapa Mwanza wamekipanda mbele ya nyumba kama pambo. Ni moja ya dawa zinazotibu saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda na ambayo ukanda huu wetu wa ziwa unaijua vizuri mno. Paklitakseli, anayopewa mama mkwe sasa, ilipatikana kwenye magome ya mti wa magharibi mwa Marekani, ikaruhusiwa kutibu watu mwaka 1992. Etoposidi nayo asili yake ni mmea. Kwa hiyo anayesema hospitali wanatoa kemikali tupu na nyumbani tunatoa mimea, hajui kilichomo kwenye dripu. (Na tafadhali, usichemshe majani ya yale maua. Ni sumu, na kiasi cha vinkristini kilichomo ni kidogo sana hivi kwamba kiwanda huhitaji mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja.)

Kwa nini basi seli iwe na pampu ya kutoa vitu vya mimea? Kwa sababu mwili wenyewe unaihitaji. Ipo kwenye utumbo, kwenye ini, kwenye figo na kwenye mishipa midogo ya ubongo, na kazi yake ni kuzuia sumu tunazokula zisiingie zikatuumiza. Saratani imechukua ulinzi wa mwili na kuutumia kujilinda yenyewe.

Kwenye maabara, kurkumini ya manjano, kwesetini ya vitunguu na piperini ya pilipili manga zimeonyesha kweli uwezo wa kuzuia pampu hii au kupunguza idadi yake. Seli sugu zikiwekewa mojawapo pamoja na dawa ya saratani, dawa hubaki ndani na seli hufa. Hapo ndipo ujumbe wa WhatsApp unapoishia. Lakini seli zile zimo kwenye kisahani, zimemwagiwa kurkumini moja kwa moja. Mama yako atainywa kwenye kikombe. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, utumbo huipokea kwa shida, na ini huibadilisha haraka. Wagonjwa kwenye utafiti wamewahi kupewa gramu 8 za kurkumini kwa siku, na bado iliyoonekana damuni ilikuwa kidogo mno. Ukitaka kuzipata gramu hizo kwa unga wa sokoni, utamlisha mgonjwa zaidi ya robo kilo ya manjano kila siku, mtu ambaye uji tu unamshinda.

Hapo huja jibu la pilipili manga: si inasaidia manjano yapokelewe? Inasaidia, tena sana. Na hapo ndipo mimi hushtuka. Kitu kinachofungua mlango wa utumbo na kulegeza kazi ya ini hakiwezi kuambiwa kipitishe manjano peke yake. Kinaweza kubadilisha kiasi cha kila dawa anayotumia mgonjwa, pamoja na ile ambayo daktari amempimia kwa urefu na uzito wake. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi waliwapa wanawake wenye saratani ya titi vidonge vya kurkumini pamoja na tamoksifeni, dawa ya kumeza ya saratani hiyo. Kiwango cha endoksifeni, ambayo ndiyo inayofanya kazi kubwa baada ya mwili kuibadilisha tamoksifeni, kilishuka. Piperini ilipoongezwa, kikashuka zaidi. Dada zetu wengi wanameza tamoksifeni kwa miaka, na hao hao ndio wanaouziwa mchanganyiko huo.

Madaktari nao wamejaribu kuiziba pampu kwa makusudi. Verapamili, dawa ya presha na moyo, ilionekana kuizuia tangu 1981, lakini kiasi kilichohitajika kilikuwa hatari kwa moyo. Ikaja valspoda, dawa nyingine ya kuziba pampu, nayo ikawalazimu kupunguza dozi ya dawa za saratani kwa sababu zilikuwa zinabaki mwilini kupita kiasi. Tarikwidari ilikuwa na nguvu zaidi, na majaribio yake makubwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu yakasimamishwa kwa sababu ya madhara. Yote hayo yalifanyika damu ikipimwa na wataalamu wakiwa kando ya kitanda. Kikombe cha jikoni hakina hata kimoja cha vipimo hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kujua mgonjwa anakunywa nini, na hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mimi ni mkwe. Siwezi kumsimamia mama mkwe na kumhoji kama mtoto. Ukimuuliza mzee mbele ya watu, "Mama, umekunywa mitishamba?" atakujibu hapana, kwa sababu anajua swali hilo huja na kufokewa, na kwa sababu kukubali ni kumuumbua jirani aliyeileta. Kilichotusaidia ni wifi yangu mkubwa, ambaye mama humwambia kila kitu. Naye hakuuliza habari ya kunywa. Alikaa naye wakichambua dagaa, akamwuliza, "Mama, safari hii nani kakuletea dawa, na inasaidia nini?" Ikatoka yote, pamoja na chupa iliyokuwa chini ya kitanda.

Tulivipeleka vyote kliniki, vikiwa kwenye vyombo vyake vile vile. Hatukueleza kwa maneno tu, maana "dawa ya kusafisha damu" haimwambii mfamasia chochote. Mweleze pia kila kidonge kingine, ARV, presha, kisukari. Sisi tuliambiwa unga wa mlonge na mchanganyiko wa manjano vikae kando mpaka dripu ziishe, shubiri iachwe kwa sababu inaharisha, na majani ya mstafeli yaachwe kabisa, kwani mti huo una kemikali inayodhuru neva, na paklitakseli tayari inamtia mama ganzi vidoleni. Mgonjwa wako anaweza kuambiwa tofauti, maana dawa zake si hizi. Ila jibu apewe na mtu anayeliona faili lake.

Chakula usikiogope. Tangawizi kidogo kwenye chai, vitunguu kwenye mchuzi wa sato, manjano ya kuipa pilau rangi, hivyo ni viungo, na mama anaendelea navyo. Tunda tulilokatazwa ni balungi, kwa kuwa huvuruga namna mwili unavyovunja dawa nyingi, chungwa analila. Asipotaka ugali tunampa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, au uji wenye karanga, tukihakikisha karanga hazina ukungu. Na fedha ya unga wa mitishamba wa kopo, ambayo si ndogo, tunaiweka kwa ajili ya nauli na vipimo, maana kuruka zamu ya dripu ni hasara ambayo hakuna mzizi utakaoifidia.

La mwisho ni homa. Dripu hushusha chembe nyeupe za damu, na mgonjwa akifika nyuzi 38 usichemshe mwarobaini ukasubiri asubuhi. Nunua kipimajoto, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, ukiwa na kadi yake ya kliniki na karatasi uliyoandika kila alichokunywa wiki hiyo, kwa sababu atakayekupokea zamu ya usiku hatakuwa yule anayemjua.