Baba ana uvimbe kwenye kongosho: achomwe sindano?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba ana miaka 63. Macho yamekuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, suruali zote zinampwaya. CT skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 2.5 kwenye kichwa cha kongosho. Tumeambiwa amezeshwe mpira wenye ultrasaundi, achomwe sindano kwa ndani. Baba zangu wadogo wanakataa, wanasema uvimbe ukichokozwa unasambaa. Tufanyeje?
Binti wa kwanza, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mpe pole mzee.

CT imewaonyesha kwamba kuna kitu, haijawaambia ni kitu gani. Saratani, kongosho kuvimba kwa muda mrefu bila saratani, kifua kikuu cha tumboni, hata ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, unaotulizwa kwa vidonge vya steroidi, vyote vinaweza kufanana pichani.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na ultrasaundi ya juu ya ngozi mara nyingi huzuiwa na gesi. Mpira huu una ultrasaundi kwenye ncha. Ukifika kwenye utumbo unaokizunguka kichwa cha kongosho, unabaki ukuta mwembamba tu katikati. Nimekaa mbele ya skrini ile mara nyingi: uvimbe ni doa jeusi, sindano inaingia kama mstari mweupe unaong'aa, inakwenda na kurudi. Kinachotoka ni vipande vyembamba kama uzi wa kushonea, vinatiwa kwenye formalini, dawa ya kuvihifadhi, na kupelekwa kwa mpatholojia, daktari anayevichunguza kwa darubini.

Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alisimulia mbele ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2005 kwamba asubuhi aliambiwa saratani yake karibu hakika haitibiki. Jioni sindano ya namna hii ikaonyesha ni aina adimu inayotibika kwa upasuaji.

Kusambaa kumewahi kutokea, ila ni nadra sana. Tena kwa uvimbe wa kichwa, utumbo uliopitishwa sindano kwa kawaida huondolewa pamoja nao kwenye upasuaji. Mimi naogopa zaidi wiki mnazopoteza mkibishana.

Muulizeni daktari wa upasuaji: je, uvimbe unaweza kuondolewa kwa upasuaji sasa? Ukiwa unaweza kuondolewa, wengine huenda kupasuliwa bila sindano. Kemotherapi, yaani dawa za saratani, ndiyo haianzi bila jibu la mpatholojia.

Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, semeni mapema, msizisimamishe wenyewe. Na akipata homa ya kutetemeka, msisubiri siku ya kipimo: njia ya nyongo huenda imeingiwa na maambukizi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.