Usimtume Kijana, Mfikishe

Kwako uliyeanza kazi mwezi huu katika huduma za afya ya akili kwa vijana hapa Kisumu: naanza na karatasi ya rufaa, ile ya kumpeleka mgonjwa kituo kingine, maana ndiyo iliyonifunza kwa uchungu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia msichana wa sekondari kutoka Manyatta. Nilijaza kila mstari, nikapiga muhuri, nikamwambia, "Nenda Russia." Mkazi yeyote wa Kisumu anajua Russia ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Lakini hospitali kubwa ina milango mingi, nami sikumwambia aingie mlango upi, siku gani, wala amuulizie nani. Wiki saba baadaye mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao alinipigia simu. Msichana hakufika popote. Karatasi ilikuwa bado ndani ya kitabu chake cha hesabu, na mimi kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "amepewa rufaa", nikamsahau.

Tangu siku hiyo, mtu hajapewa rufaa kwangu mpaka nimesikia sauti ya atakayempokea. Napiga simu kijana akiwa ameketi pale pale, nawaacha wasalimiane, tunapanga siku. Siku ya miadi ikifika napiga tena: amekuja? Nauli nayo iulizwe mapema, tena kwa upole. Wengi huona haya kusema hawana. Watakuitikia "sawa" na hawatakwenda.

Msichana yule alipopatikana alikuwa amechoka kueleza. Kisa chake alishamsimulia mwalimu wa ushauri nasaha, kisha afisa wa kliniki, kisha mimi, na kila mmoja alimwanzisha upya. Kumrudisha mtoto kwenye jeraha mara tatu kwa sababu sisi watu wazima hatuzungumzi, huo ni ukatili hata kama hatukuukusudia. Sasa namuuliza kijana: katika haya uliyoniambia, yapi niyafikishe mbele, na yapi yabaki hapa? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo jina lake lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu, hata kwa nia njema. Mwalimu anahitaji kujua tarehe ya kliniki na saa ya dawa. Ya nyumbani kwao hayamhusu mpaka kijana mwenyewe aridhie.

Shule za bweni ndizo zinazovuruga mipango zaidi, na humo ndimo nimepoteza wengi. Kliniki ni siku ya kazi, na mwanafunzi hatoki bila ruhusa. Dawa zinaisha katikati ya muhula, au anayezitunza amehamishwa na hakumwachia mwenzake maagizo. Likizo ya Agosti kijana anarudi kwao, pengine Siaya au Kakamega, na huko hakuna anayemjua. Basi shika kalenda ya shule kama unavyoshika ratiba ya kliniki. Kabla ya kufunga, hakikisha ana dawa za kutosha, na kituo kilicho karibu na kwao kimeshaarifiwa. Wiki ya kufungua, mpigie aliyepewa jukumu la dawa shuleni.

Kwa anayekaribia miaka 18 na atahamia kliniki ya watu wazima, anza kumwandaa miezi kadhaa kabla, na mara ya kwanza nenda naye huko.

Kuna hofu nyingine utakayokutana nayo. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, hivyo familia zilificha na hata kuwahi hospitali ziliogopa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Waeleze wazazi, walimu na chifu kwa maneno mepesi, kwani wapo ambao habari hiyo haijawafikia. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, mwandikie kijana mahali atakapoiona.

Na wiki hii, kabla hujamwandikia mtu yeyote rufaa, panda matatu Kondele uende mwenyewe kila kituo utakachowaelekeza. Keti kwenye foleni. Jua jina la muuguzi wa pale, naye alijue lako.