Banti inapaa kila saa, na slepu naanzia wapi?

SWALI: Kochi habari, nafundisha softiboli wasichana wa miaka 11-12. Wakibanti (kuugusa tu mpira kwa bati udondoke karibu) mpira unapaa, kecha, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, anaudaka kiulaini. Halafu kuna mmoja ana mbio balaa, nataka ajue kuslepu (kugonga mpira huku ameshaanza kukimbia), nianzie wapi?

JIBU: Nzuri mwalimu. Mpira ukipaa hivyo mara nyingi kichwa cha bati kimeshuka chini ya mikono, ama mtoto anausukuma mpira badala ya kuungoja. Bati ianze juu, pale straiki zoni (eneo la mpira halali wa kupigwa) inapoishia, kichwa chake kiwe juu ya mikono kidogo, mpira ukija chini anakunja magoti ashuke nao, asishushe bati peke yake. Ukipita juu ya bati auache, hiyo ni bolu, yaani mpira uliorushwa nje ya eneo. Mkono wa juu, ule ulio karibu na kichwa cha bati, ushike kwa nyuma, gumba na kidole cha shahada tu, vidole vikizunguka mbele vitapondwa (nimeshaona, we acha tu).

Mi naanza bila bati kabisa, asimame kwenye pleti (pale mpigaji anaposimama) audake mpira kwa ule mkono wa juu, kisha nampa bati na mipira ya soksi iliyojazwa matambara namwambia fanya vile vile, udake na bati. Uoga ukiisha ndo naleta mpira wenyewe. Na wajue kabisa, ukiwa na straiki mbili (umeshakosa mara mbili) banti ikienda fauli, nje ya mistari ya uwanja, umetoka.

Huyo wa mbio, kwa ajili ya slepu, mhamishie boksi la mashoto (upande wanaosimama wapigaji wa kushoto) hata kama anatumia kulia. Pale yuko karibu na besi ya kwanza kwa kama hatua mbili, na mbio zenyewe ni mita 18.29 tu, hizo hatua ni mali. Bati weka kando kwanza, fundisha miguu: wa kulia unarudi nyuma kidogo, wa kushoto unavuka mbele KUELEKEA PITCHA (anayerusha mpira) sio besi, ukitua ndo bati inagusa mpira. Hapa ndo wote wanaharibu, anawahi kukimbilia besi, bega linafunguka, mpira unaopita mbali naye haufikii tena. Chora boksi kwa majivu, maana akigonga mpira huku mguu umekanyaga nje kabisa ya mstari ametoka. Alenge upande wa shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu), chini, mpira udunde, kutoka kule kurusha hadi besi ya kwanza ni mbali.

Mtafutie video za Natasha Watley, yule Mmarekani wa dhahabu ya Athens 2004, aangalie miguu tu. Mwanzoni atapiga hewa sana, usimrudishe kulia.