Barua kwa mwanangu: kazi au masta?

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama uache kazi ya kuandika programu ukasome masta ya sayansi ya kompyuta, ukaongeza kwamba wenzako kazini wameshaomba nafasi. Hao wenzako tuwaweke kando kwanza.

Mimi nimekumbuka kile kisa ulichonisimulia: mtandao ulikatika, seva mbili (zile kompyuta zinazotunza rekodi za wateja) zikapotezana, kila moja ikajiona ndiyo kiongozi na kupokea maagizo ya wateja kivyake. Mtandao uliporudi, rekodi hazikulingana. Mlizima moja, kazi ikaendelea. Wewe ukabaki na swali: kwa nini seva zikiwa tano, ni lazima tatu zikubaliane kabla ya kuandika chochote? Jibu lenyewe ni fupi: katika tano huwezi kupata makundi mawili ya tatu-tatu, kwa hiyo viongozi wawili hawawezi kuungwa mkono na wengi kwa wakati mmoja. Lakini nyuma yake kuna somo zima, lenye uthibitisho wake wa kihisabati, na hakuna bosi atakayekupa miezi ya kulikalia. Hiyo ndiyo sababu ya masta ninayoielewa.

Kama unachotaka ni mshahara mnono, omba kazi kwingine. Waajiri wengi wa programu watakuuliza umejenga nini. Utafiti ni habari nyingine, huko cheti kinadaiwa mlangoni. Vyuo vingi vya Ulaya havikupokei kwenye uzamivu bila masta, ingawa Marekani vingi huchukua mwenye shahada ya kwanza.

Halafu nani kasema lazima uache kazi? Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, walianza kufundisha masta hii kwa njia ya mtandao mwaka 2014, na wanafunzi wake wengi ni waajiriwa. Jioni zako zitaliwa, hilo ulijue. Linus Torvalds alitoa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi, na tasnifu yake ya masta, iliyohusu Linux hiyohiyo, ni ya mwaka 1997. (Wewe usijaribu kunichelewesha hivyo.)

Nitumie orodha ya masomo ya chuo unachokifikiria. Weka alama kwenye yale ambayo ungeyasoma hata bila cheti, na ukate yale uliyokwisha kuyasoma shahada ya kwanza. Yenye alama yakizidi nusu, nipigie tuzungumze habari ya ada.

Mama yako