Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Maneno ya Ibada Tuliyoyakariri

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma, kisha nikairudia. Unasema kwamba siku hizi, huko Dar es Salaam, unasimama ibadani ukitamka ungamo na Imani ya Mitume huku mawazo yako yakiwa kwenye kazi za Jumatatu, na unaniuliza kama si afadhali uhamie kwenye ile huduma ya jirani, ambako watu huomba bila kitabu, kwa machozi na kwa sauti kuu.

Mimi ningependa kujua kwanza yale maneno umeyafanyia nini. Maneno hayana kosa, mwanangu. Nililisema hilo mlipokuwa mkijiandaa kwa kipaimara, na ninalisema tena. Martin Luther mwenyewe, mwasisi wa kanisa letu la Kilutheri, alipotoa Katekismo Ndogo, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, aliwasihi wachungaji washike maneno yale yale mwaka hadi mwaka, ili vijana wayakariri kwanza, kisha ndipo wafundishwe maana yake. Mtu hawezi kutafakari maneno asiyokuwa nayo.

Unaukumbuka ule mgogoro wa kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya baba yako na baba yako mkubwa. Masale, ile mimea ya mpakani, yaling'olewa, kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole, na kwa misimu kadhaa ya kahawa ndugu hao walikaa kanisani, mmoja benchi la mbele na mwenzake karibu na mlango, wakikiri kwa sauti moja kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Jumapili moja ya Meza ya Bwana nilikuwa nikimtazama baba yako mkubwa kutoka upande wa wanawake. Ungamo lilipofika kwenye matendo alinyamaza, kofia yake ameikunja mikononi kama nguo inayokamuliwa, akainuka na kutoka nje. Sisi wengine tuliendelea. Alasiri alisimama uani kwetu na jani la isale, nawe unajua kwamba kwetu Uchagani anayeletewa isale hakatai kusamehe. Baba yako alilipokea kwa mikono miwili, na kabla ya giza walikuwa mpakani pamoja, wakipanda masale mapya.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa alimkaripia baba yako mkubwa mbele ya watu kwa kuvuruga utaratibu wa ibada. Utaratibu! Mtu aliyetii Mathayo 5, akaiacha sadaka yake madhabahuni ili aende kwanza kupatana na ndugu yake, ndiye aliyehesabiwa kuwa amekosa adabu.

Hata hivyo ninajihoji. Ungamo lile lile alilitamka misimu yote hiyo bila kumgusa, na wapo waliozeeka nalo bila kumsamehe mtu. Watu wanaolaumiwa katika Isaya 29:13, wenye kumheshimu Mungu kwa vinywa huku mioyo yao iko mbali naye, nao walishika desturi zao zote za ibada. Pengine basi machozi ya kwa jirani yako yanawafikisha watu mahali ambapo kitabu hakijawafikisha. Lakini machozi nayo huzoeleka. Nimehudhuria mikesha ambayo kilio kilianza saa ile ile kila Ijumaa, na maombi yasiyoandikwa popote yakafuata sentensi zile zile. Ndiyo maana narudi palepale: maneno hayana kosa, yawe ya kitabuni au ya papo hapo. Sisi ndio tunaoyapita mbio ili yasitudai chochote.

Ulimi unaniwasha nikuambie ubaki, lakini ninauzuia, maana wewe ni mtu mzima na ibada hiyo unamtolea Mungu, hunitolei mimi. Nakuomba jambo moja tu. Jumapili hii, kabla hujatoka nyumbani, lisome ungamo polepole, na ukikuta sentensi ambayo huwezi kuitamka bila sura ya mtu fulani kukujia, usiiruke. Kisha uniandikie ni sentensi ipi, hata kama huyo mtu hutamtaja.

Mama yako akupendaye.