Mlio baada ya kufunga giaboksi ya mkono: jua kinachozunguka kabla ya kuishusha tena

Mkuu, kwa ulivyoeleza: gari la zamani la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, giaboksi ya otomatiki imetolewa na ikafungwa ya mkono iliyotumika. Likiwa nyutro linakoroma, ukikanyaga klachi linanyamaza, na likifika kilomita 90 kwa saa sakafu inatetemeka. Hayo ni magonjwa mawili, yatibu kila moja peke yake. Na usikimbilie kuihukumu giaboksi. Ikiwa ilikuwa kimya kwenye gari ilikotoka, kosa lipo zaidi pale ilipoungana na injini, na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) au na bodi.

Anza gari likiwa limesimama, injini ya moto, gia nyutro, mguu nje ya klachi. Hapo shafti ya kuingilia inazunguka pamoja na injini, na shafti ya chini (ile inayobeba gia na kupokea mzunguko kutoka ya kuingilia) nayo inazungushwa. Shafti ya kutokea imetulia. Kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri sekunde chache ili shafti zisimame. Mlio ukikata, mtuhumiwa ni beringi ya mbele ya shafti ya kuingilia au beringi za shafti ya chini. Ukianza pale tu unapogusa pedali kidogo, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Ukitokea pedali ikiwa chini kabisa na gia ya kwanza imeingia, ni pailoti beringi, ile ndogo iliyo mwisho wa krenki (shafti kuu ya injini): gia ikiingia shafti imesimama huku krenki ikizunguka, kwa hiyo tofauti ya mwendo ndani ya beringi hiyo iko juu kabisa. Klachi ikiwa imeshika, pailoti beringi haina kazi, maana krenki na shafti vinazunguka pamoja.

Kwako mlio unakata klachi ikikanyagwa. Kabla ya kulaumu beringi, pandisha sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) kwa mizunguko 150 hivi kwa dakika. Kama ule mlio ni wa kugongagonga kama kokoto ndani ya mkebe na ukapotea, hizo ni gia zisizobeba mzigo zinagongana meno kwa sababu injini ikiwa sailensi inazunguka kwa mirusho. Hali hii huja sana mtu akibadili flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) ya vipande viwili kwa ya kipande kimoja, au akifunga pleti ya klachi isiyo na springi katikati. Haiui giaboksi, inakera tu. Lakini kama ni mkoromo wa mfululizo unaopanda sauti pamoja na mizunguko, hiyo ni beringi, na swali linabaki: imechoka zamani, au inaumizwa sasa hivi?

Ukitoka otomatiki kwenda mkono, hapa ndipo watu wanapoumia. Krenki nyingi za injini zilizokuja na otomatiki hazina pailoti beringi kabisa, kwa kuwa tobokonveta, kifaa kinachoshika nafasi ya klachi kwenye otomatiki, haiihitaji. Nyingine hata tundu lake halijachongwa kwa kipimo. Ukifunga bila kuiweka, ncha ya shafti ya kuingilia inaning'inia, inategemea beringi ya mbele peke yake, nayo inakwisha haraka. Angalia pia kama kishikio au spesa ya otomatiki imesahauliwa nyuma ya krenki, na kama ncha ya shafti haigongi mwisho wa tundu. Dalili ya hilo la mwisho inaonekana wakati wa kufunga: giaboksi inagoma milimita chache kabla ya kukaa, na fundi anaivuta kwa bolti. Usifanye hivyo kamwe. Giaboksi iliyopangwa vizuri inasukumwa kwa mikono mpaka inakutana na injini. Bolti ni za kuishikilia, si za kuivutia. Ikivutwa, ama pailoti beringi inapondwa, ama sikio la ganda la klachi (linalounganisha giaboksi na injini) linapasuka, ama pleti ya klachi inapinda kitovu.

Kisha mlingano wa ganda la klachi na krenki, hasa kama ganda na injini havikuzaliwa pamoja. Pini mbili za kuelekezea lazima ziwepo zote. Bolti pekee haziwezi kushika katikati kwa usahihi. Kupima: ondoa klachi, acha flaiwili, bandika geji ya saa (kipimo chenye mshale) kwa sumaku kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa tundu ambamo giaboksi hukaa. Toa plagi ili krenki iwe nyepesi, izungushe kwa spana mzunguko mzima. Kipimo kinachokubalika kwa jumla ni tofauti isiyozidi milimita 0.13 kati ya juu kabisa na chini kabisa. Kumbuka ganda limehama nusu tu ya unachosoma: ukisoma 0.40, limetoka katikati kwa 0.20, na pini za kuelekezea zenye kitovu kilichohamishwa utakazonunua ziwe za 0.20. Rudia kipimo kwenye uso wa ganda pia. Ganda lililokaa pembeni linaleta mkoromo nyutro, gia kuruka zenyewe, na klachi isiyoachia vizuri, na wengi hufungua giaboksi mara tatu bila kupima hapa hata mara moja.

Ukiwa umeshusha, geuza macho kwenye pleti ya klachi. Ikifungwa kinyume, kitovu kinasugua bolti za flaiwili na unasikia kukwaruza kwa chuma. Uma wa klachi uwe umeingia kwenye klipu yake, na kitufe cha chuma cha mviringo unachoegemea kipakwe grisi. Mlio wa kulia kama mlango mkavu unapobonyeza pedali hutoka hapo. Kile kibati chembamba cha kuzuia vumbi kati ya injini na giaboksi kikipinda kidogo kinagusa flaiwili, na kelele yake inamdanganya mtu aamini beringi imekufa.

Oili nayo. Fungua plagi ya kumwagia yenye sumaku: ulaini wa kijivu kama masizi ni kawaida, vipande vinavyochoma kidole si kawaida. Vumbi la rangi ya shaba linatoka kwenye sinkro, pete zinazolinganisha mwendo gia ikiingia. Magamba ya chuma yanatoka kwenye beringi. Weka aina aliyoitaka mtengenezaji wa giaboksi hiyo, si ya gari. Giaboksi ya T-5 ya World Class kwa mfano inatumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki), ukiitilia oili nzito ya difu sinkro zinagoma baridi. Giaboksi za zamani zenye sinkro za shaba nyingi zinataka oili ya daraja la GL-4. GL-5 nyingi zina dawa ya salfa inayoweza kula shaba, na utelezi wake unafanya sinkro isishike. Jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa sawasawa, si upande mmoja umeinuliwa na jeki.

Ukiingia barabarani, sikiliza kila gia. Kwenye giaboksi nyingi za gia tano za gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne ni moja kwa moja, nguvu haipiti shafti ya chini. Ikiwa mvumo upo ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ya nne imetulia, shafti ya chini na beringi zake ndizo. Gia moja tu inayovuma ni meno ya gia hiyo. Rivasi kuvuma ni kawaida, meno yake mara nyingi yamenyooka.

Sasa mtetemo wa 90. Ukiwa kwenye mwendo huo na barabara ni salama, kanyaga klachi, acha injini ishuke. Mtetemo ukibaki, unafuata magurudumu: propela, krosi (viungo vinavyopinda mwisho wa propela), difu, beringi za magurudumu. Ukipotea, rudi kwenye injini na maunti zake (mipira inayoishikilia). Kisha simamisha gari na pandisha injini mpaka mizunguko ileile. Ikitetemeka hata hapo, flaiwili au presha pleti haina mizani. Kwa mfano V8 za Ford 302 za kale zilisawazishwa kwa aunsi-inchi 28 (kipimo cha uzito wa mizani kwenye flaiwili), za baadaye kwa 50. Ukichanganya flaiwili, hakuna maunti itakayokuokoa.

Hesabu itakusaidia zaidi ya sikio. Tairi lenye mzingo wa mita 1.9 linazunguka mara 13 kwa sekunde ukiwa 90. Kwa difu ya 3.9, propela inazunguka mara 51 kwa sekunde. Programu ya simu ya kupima mtetemo ikikupa 13, angalia tairi na rimu. Ikikupa 51, propela haina mizani au imepinda. Ikikupa 102, krosi, kwa sababu krosi inatetema mara mbili kwa kila mzunguko.

Kwenye 102, pima pembe tatu: giaboksi, propela, pinyoni ya difu (shafti yake ya kuingilia). Ekseli ya nyuma ibebe uzito wa gari. Usipime ikiwa inaning'inia. Giaboksi ikilala digrii 3, propela 5, na pinyoni ikawa sambamba na giaboksi kwa 3, kila krosi inafanya kazi kwa digrii 2 na mitetemo inafutana. Mkia wa giaboksi mpya ukiwa umeshuka hadi 5, krosi ya mbele inabaki sifuri, ya nyuma 2, hakuna wa kumfuta mwenzake. Tena krosi iliyo sifuri inachimba mashimo kwenye sindano zake. Dawa ni shimu (vibati vya kujazia) kwenye maunti ya giaboksi, nyembamba nyembamba, ukipima kila mara. Nira mbili za propela (uma za chuma kwenye ncha zake) lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Aliyeivuta akairudisha jino moja pembeni ndiye aliyeleta balaa.

Na urefu. Giaboksi mpya mara nyingi si ndefu sawa na ya zamani. Sukuma nira ya mbele mpaka igonge ndani, kisha ivute itoke nje milimita 20 hadi 25 gari likiwa chini. Ikiwa haina nafasi, propela inasukuma shafti ya kutokea kila unapopita tuta.

Mwisho kabisa pitisha mkono juu ya bomba la ekzosti na maunti. Chuma kikigusa bodi, giaboksi nzima inaimba ndani ya gari. Legeza bolti za maunti, iwashe injini, itikise, kaza ikiwa imetulia.