Mke wangu ananitaka nichague kati ya kamera na familia

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 39, na kwa miaka 14 nimekuwa mpiga picha za harusi hapa Dar es Salaam. Kazi hii imenijengea nyumba Kibaha na ndiyo inayowasomesha watoto wetu wawili. Jumamosi niko kazini, lakini Jumatatu hadi Alhamisi nashinda nyumbani nikihariri picha. Mwezi uliopita, usiku tuliporudi kutoka harusi ya mdogo wake, ambayo niliipiga picha bila malipo, mke wangu aliniambia nichague kati ya kamera na familia. Nawapenda, na kazi naipenda. Desemba mpwa wangu anaoa na kamati imeshaniandika. Nifanye nini?
Mpiga Picha

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ya maneno ya mkeo ni usiku aliouchagua kuyasema. Kwa miaka yote hiyo amekuvumilia ukidamka kumfuata bibi harusi saluni, ukitoka kanisani kuwapeleka maharusi ufukweni, kisha ukumbini, na kurudi saa saba za usiku huku mgongo ukikuuma. Siku ile, hata hivyo, aliyekuwa akiolewa ni mdogo wake. Naijua vizuri ile foleni ya zawadi: upande wa bibi harusi ulipoitwa, dada zake bila shaka walicheza na waume zao kwenda mbele, naye akacheza peke yake, akiielekea kamera iliyoshikwa na mumewe.

Hapo siwezi kukutetea. Ndugu zetu wana mazoea, nami nayasema bila kumung'unya, ya kumhesabu fundi wa ukoo kuwa ni mchango. Kamati inakuandika kwenye fungu la picha na video, bajeti inapumua, nawe unajiona umeshiriki, ilhali ulikuwa kazini bila ujira na mkeo akakaa mezani na kiti kitupu pembeni yake. (Waulize wapishi na washonaji, wanaijua sana adha hiyo.)

Kamera usiiache, ada za shule hazilipwi kwa majuto. Ila hoja yako ya Jumatatu hadi Alhamisi siipokei. Mtu anayechagua picha 400 kati ya 3,000 huku mtoto amesimama pembeni na daftari lake la hesabu hajashinda nyumbani, amehamishia ofisi sebuleni. Tafuta kijana wa kukuhariria, hata kwa nusu ya kazi tu, na gharama yake uiingize kwenye bei unayowatajia wateja. Watakaokimbia kwa nyongeza hiyo waache waende.

Nahisi pia kwamba unakubali kila kazi kwa hofu ya miezi mikavu. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, Waislamu nao harusi zao hupungua sana katika Ramadhani, na mwaka huu wa 2026 vipindi hivyo viwili vilianza ndani ya juma moja, kwa hiyo mifuko yenu wapiga picha ilikauka kwa pamoja. Mwakani pia vitapishana kwa siku chache tu. Anza sasa kutenga sehemu ya malipo ya awali ya kila harusi, ili majuma hayo yawe ya mkeo na watoto, na Pasaka ikishapita usijirundikie kazi kama mtu anayelipa deni.

Kuhusu Desemba, mwandikie mwenyekiti wa kamati wiki hii, umweleze kwa heshima kwamba mchango wako utautoa kwa fedha taslimu kama wajomba wengine, na kwamba utawatafutia mpiga picha mwenzako unayemwamini. Bei yake ikiwaelemea, ongeza kitu juu ya mchango huo. Mkeo umwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa mawifi. Na siku hiyo kamera ibaki Kibaha, isiwekwe kwenye buti la gari eti kwa dharura, maana nawajua ninyi mafundi: mwanga ukikaa vizuri, ninyi hamkai.